Hapa ni Wapi?

Nyumbani kwangu Mwandiga hakuna ziwa. Ukitaka kuyaona maji huna budi kupanda gari kwenda Kigoma mjini au kushuka Ujiji, na sisi wazee safari hiyo hatuifanyi kila siku. Hata hivyo, Jumapili mchana, chini ya mwembe wangu, huketi watu wanne ambao sehemu kubwa ya maisha yao ilipita juu ya maji. Yupo karani mstaafu wa bandari. Yupo fundi aliyefanya kazi katika chumba cha mashine. Yupo mama mmoja aliyechukua mawese kwenda kusini na kurudi na dagaa na mchele kwa zaidi ya miaka ishirini. Na nipo mimi, mwalimu, ambaye katika safari zote hizo nilikuwa abiria tu.

Zamani tulikuwa tukisimuliana safari. Siku hizi tuna mchezo. Mjukuu wangu hutafuta katika simu yake picha zilizopigwa na wasafiri wa ziwani, wengi wao wageni kutoka Ulaya na Marekani waliokuja kwa hamu ya kupanda meli ya zamani. Huziba maandishi kwa kidole gumba, huizungusha simu kwa kila mmoja wetu, kisha huuliza, “Hapa ni wapi?” Kila mtu hutoa jibu lake. Aliyekosa hulipa kahawa.

Ndugu msomaji, mtu aliyefundisha miaka mingi hawezi kucheza mchezo bila kuukagua. Nimezitazama picha hizo, nimesomewa na hadithi zinazoambatana nazo, na nimeona kwamba zinastahili uhakiki kama vile tunavyohakiki riwaya au shairi. Picha ya bandari nayo ina mwandishi, ina alichokiweka mbele na alichokiacha nje. Na msomaji wake naye anaweza kuisoma vizuri au vibaya. Mimi niliisoma vibaya, na nitaeleza jinsi nilivyokosea.

Kwanza meli yenyewe, kwa ajili ya msomaji asiyeijua. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kufikishwa huku kwa reli. Iliungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi nzito kwa matumaini ya kuirudia. Walioiibua ni Waingereza, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 kwa wenyeji wa ncha ya kusini ya ziwa. Kwa miaka mingi iliondoka Kigoma Jumatano na kufika Mpulungu, Zambia, siku ya Ijumaa.

Historia hiyo wageni wanaijua kuliko sisi. Husimulia makasha, grisi, kuzama na kuibuka, nao husimulia kwa mapenzi ya kweli. Fundi wetu hufurahi sana kusikia mtu wa mbali akiisifu mashine aliyoihangaikia usiku kucha. Hukasirika mara moja tu, pale msimulizi anapoandika habari za moshi na mvuke. “Mvuke wa wapi?” huuliza. Mashine za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kutiwa za dizeli. Aliyeandika habari za mvuke aliandika alichokuja akitarajia kukiona.

Lakini huo ni upungufu mdogo. Upungufu mkubwa wa hadithi hizi ni kwamba bandari hazina majina. Meli ina jina, nahodha ana sura, chumba cha daraja la kwanza kina feni mbovu na kitanda chembamba, machweo yana rangi nane. Bandari ni “kijiji kimoja” au “kituo kidogo usiku”. Msafiri alisimama juu kwenye ukingo wa sitaha, akainamisha kamera, akapiga mitumbwi iliyoizunguka meli, akarudi kulala. Asubuhi alipoamka alikuwa hajui alikuwa wapi, na picha yake nayo haijui.

Yafaa nieleze kwa nini. Kati ya Kigoma na Mpulungu meli ilisimama mahali pengi: Lagosa, Ikola, Karema, Kipili, Wampembe, Kasanga na kwingineko. Penye gati la kuegemea palikuwa pachache mno. Kwingine kote meli ilisimama mbali na ufuko na kupiga honi. Mitumbwi na maboti yalikuja mbio gizani kwa mwanga wa kurunzi, mlango wa ubavuni ukafunguliwa, na hapo ndipo bandari ilipoanza: magunia yakipanda, mbuzi wakipanda, mtoto akipokelewa kwa mkono mmoja na mama yake akivutwa kwa mwingine, huku wanaoshuka wakisukumana na wanaopanda. Baada ya saa moja au mbili honi ililia tena, mlango ukafungwa, bandari ikatawanyika na kurudi kulala.

Mwaka 1973, nikiwa na cheti kipya cha ualimu, sanduku la bati na godoro, nilishushwa Wampembe kwa namna hiyo hiyo. Mpiga kasia aliniambia niruke mawimbi yatakapoinua mtumbwi, si yatakapoushusha. Niliruka yalipoushusha. Sanduku lilifika kavu, mimi sikufika kavu.

Sasa turudi kwenye mchezo. Katika kundi letu kila mtu ana njia yake ya kusoma picha. Fundi hutazama meli tu; mahali hapamshughulishi. Karani husoma milima na majengo. Akiona majengo ya misheni juu ya kilima hutaja Karema, mahali ambapo Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, ikawa misheni ya Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na ambapo Adrian Atiman, tabibu Mwafrika, aliwatibu watu wa ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Akiona magofu ya boma la Wajerumani hutaja Kasanga. Mimi husoma kama mwalimu wa jiografia: jua liko upande gani, ghuba imepinda vipi, ramani inasemaje. Mama hatazami milima, hatazami jua. Huivuta simu karibu na miwani yake na kuuliza, “Kuna nini mtumbwini?”

Nilidhani hilo ni swali la biashara, wala si la elimu. Lakini yeye ndiye anayelipa kahawa mara chache kuliko wote. Na karani, aliyekuwa bingwa wetu, ameanza kukosea. Karema imejengewa bandari mpya. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii na kumeza fukwe alizozizoea. Alama zake zinahama.

Kuhama huko si jambo geni. Nenda Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, penye miembe. Katika jumba la makumbusho utawakuta Stanley na Livingstone katika umbo la sanamu, wakivuliana kofia. Mgeni husimama pale na kuuliza ziwa liko wapi, kwa sababu amesoma kwamba wawili hao walikutana pwani ya ziwa. Walikutana pwani kweli; ziwa ndilo lililoondoka. Miaka ya 1870 mto Lukuga ulifunguka upande wa Kongo, maji yakashuka mita kadhaa, na Ujiji ikaachwa juu kwenye nchi kavu. Mwenye picha ya mwaka 1871 asingeitambua bandari hiyo miaka ishirini baadaye.

Na hadithi ya mkutano huo, tukiihakiki, ni hadithi ya kubahatisha. Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1872 aliandika kwamba alifika tarehe 10 Novemba 1871 na kumsalimu mzungu mwenzake kwa maneno yaliyojulikana duniani kote: kwamba anadhani huyo ndiye Daktari Livingstone. Kadhani! Salamu iliyoipa Ujiji sifa ni ya mtu anayejaribu jibu. Tena ukurasa wa shajara yake ulioelezea siku hiyo ulichanwa, kwa hiyo hata maneno yenyewe yana shaka. Lakini katika kitabu hicho hicho, kabla ya salamu, yumo Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki mgeni njiani, akamweleza kwamba daktari yupo hapa hapa kijijini, kisha akakimbia kumpasha habari bwana wake. Jibu lilikuwa limekwisha tolewa na mwenyeji. Kwenye sanamu za Ujiji waliovuliana kofia ni wawili. Aliyejua hakuchongwa kati yao.

Ni vivyo hivyo kwa Burton, aliyefika Februari 1858 pamoja na Speke. Burton aliandika kwamba kutoka mlimani aliona mstari wa mwanga chini na kumwuliza Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wao, ni kitu gani. Bombay akamjibu kwamba ndiyo maji yenyewe. Burton alivunjika moyo, akaona amepoteza afya yake kwa kijiziwa. Akapiga hatua chache mbele, ziwa zima likafunguka, akafurahi. Speke macho yalikuwa yanamwuma, hakuona kitu ila ukungu. Hapo pana wasafiri watatu mbele ya mandhari moja: mmoja haoni, mmoja anaona na kukosea, mmoja anajua. Vitabu vikaandikwa na wawili wa kwanza.

Msomaji asidhani kwamba nawasema wageni peke yao. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yalichapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kipimo cha Mama, huyo anafaulu kuliko Burton na Stanley. Hapotezi muda kwa machweo. Anakwambia ni bidhaa gani, za nani, deni kiasi gani, pembe za ndovu zilikuwa frasila ngapi. Lakini endelea kusoma, uulize nani alizibeba frasila hizo hadi pwani. Hapo anaacha kuhesabu. Mabegani mwa watu hao ndipo biashara yote ilipokaa, na majina yao hayamo. Basi hata mwenyeji anaweza kuutazama mtumbwi na kuona shehena tu bila kuona mtu.

Filamu nazo zimo katika uhakiki huu, maana rafiki zetu wa mbali wengi waliijua meli yetu kwa njia hiyo. Mwaka 1935 C. S. Forester alitoa riwaya The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaitengenezea filamu. Watu huitazama wakasema wameliona ziwa letu na meli yetu. Hawakuliona. Filamu ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studioni Uingereza. Maji yale si ya ziwa letu. Meli ya Wajerumani katika hadithi inalipuliwa na mashujaa wawili wa kizungu na kuzama moja kwa moja. Meli yetu ilizamishwa na wenyewe, ikaibuka, ikabeba dagaa. Nakiri kwamba ya filamu inasisimua zaidi. Lakini mtu akiniambia amekwisha kuliona ziwa langu kwa hiyo, sharti alipe kahawa.

Nimefika sasa kwenye kosa langu.

Jumapili moja mjukuu alileta picha isiyokuwa na maandishi yoyote. Alikuwa ameipata imechanganyika na picha za watalii wa Liemba, naye mwenyewe hakujua jibu. Liemba imesimama majini, bendera inaonekana, sitaha imejaa watu hadi ukingoni. Mbele yake mitumbwi na maboti, yote yamefurika. Ufukoni umati usiohesabika, na nyuma yao mlima umeshuka karibu hadi majini. Jua linawaka, maji yana rangi nzuri ya buluu.

Fundi alisema meli imezidisha watu. Karani alitazama mlima, akataja mahali fulani kusini. Mimi nilizingatia bendera na wingi wa watu, nikatoa jibu kwa sauti ya darasani: “Karema, siku ya sikukuu.” Nikaongeza kwamba ni picha nzuri, inaonyesha uchangamfu wa safari.

Mama aliikalia simu muda mrefu. Kisha akasema, “Mwalimu, tazama mizigo.”

Nikatazama. Magodoro. Sufuria. Ndoo. Kitenge kimefungwa kama furushi kichwani kwa mtoto asiyezidi miaka saba.

“Hakuna gunia hata moja la kuuza,” akasema Mama. “Kusini watu hupanda na mchele, hupanda na dagaa. Huku kwetu hupanda na madumu ya mawese. Hawa hawana bidhaa. Hawa hawasafiri, wanakimbia. Hapo ni Kagunga.”

Hakuna aliyejibu. Sote tuliikumbuka Mei 2015. Burundi ilikuwa imechafuka, na makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kujaa Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji ambacho hakikuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikawaingia. Liemba ikatumwa kuwachukua, mamia kwa mamia kila safari, kuwaleta Kigoma. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1997 ilikuwa imewarudisha Wakongo maelfu kwa maelfu hadi Uvira. Watu wa Kagunga walipokelewa Kigoma katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Na mabasi hayo, ndugu msomaji, yalipita hapa Mwandiga. Nilisimama kando ya barabara nikayatazama. Niliyaona magodoro hayo hayo juu ya paa. Miaka michache baadaye yakaletwa mbele ya macho yangu ndani ya simu, nikayaita sikukuu.

Kwa nini nilikosea? Kwa sababu niliisoma picha kama nilivyozoea kuisoma: meli, bendera, milima, maji ya buluu. Kwa macho hayo, safari ya mapumziko na safari ya kuokoa roho hazina tofauti. Meli ni ile ile, ukingo ni ule ule, hata wapungao mkono wapo. Tofauti imo katika mizigo na mikono iliyoishika. Hapo ndipo ninapowalaumu wasafiri na picha zao, na ninajilaumu nami pamoja nao: kupenda meli si kosa, kubahatisha majina ya bandari si kosa, bali kuridhika na jina ni kosa. Mtu anaweza kutaja bandari zote bila kukosea na asiwe amemwona mtu hata mmoja.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikumbuka mtihani mmoja niliousahihisha katika miaka yangu ya mwanzo, katika shule moja ya ziwani. Nilikuwa nimechora picha kwa mkono wangu, meli imesimama na mitumbwi imeizunguka, na milima miwili nyuma. Swali lilisema: Taja jina la bandari inayoonekana katika picha. Nilitaka Kipili. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliandika: “Hapa hakuna bandari ni mitumbwi ya kina baba.” Nilimtia kosa kwa wino mwekundu, na chini yake nikaandika, “Soma swali.” Alikuwa amelisoma. Alikuwa ameisoma na picha. Alitambua kwamba katika mchoro wangu hapakuwa na gati wala jengo, palikuwa na watu wanaofanya kazi, na aliwajua watu hao kuliko mimi, maana ndio walioniokoa nisizame siku nilipofika.

Sina njia ya kumrudishia alama yake. Nilichoweza ni kubadili kanuni za mchezo. Jumapili iliyofuata nilimwambia mjukuu wangu kwamba kuanzia sasa jina la bandari lina alama moja, na mwenye kueleza kilichomo mtumbwini, kinakwenda kwa nani na nani ameshika kasia, anapata mbili. Karani alilalamika kidogo, kisha akakubali. Mama alicheka akasema kwamba angekuwa na walimu wa namna hiyo asingeacha shule darasa la nne.

Mchezo unaendelea, na milima inaendelea kunidanganya. Tangu kanuni zibadilike, mwenye kulipa kahawa karibu kila Jumapili ni mimi.